Meza Mbili za Hong Kong

Watu wengi hudhani kwamba uhakiki ni kazi ya vitabu, nyimbo na michezo ya kuigiza peke yake. Dhana hiyo ni finyu. Kila mtu atoaye hukumu juu ya kazi ya mwenziwe ni mhakiki, apende asipende. Na ni kazi chache zihukumiwazo mara nyingi kama kazi ya mpishi. Huhukumiwa asubuhi, adhuhuri na jioni, na wenye elimu na wasio na elimu, watoto kwa wazee. Lakini wingi wa mahakimu si wingi wa haki. Wengi wetu hula kwa kinywa, kisha tukahukumu kwa mfuko, au kwa masikio, au kwa haya. Chakula cha bei kubwa twakisifu kwa sababu twaona uchungu wa fedha tulizotoa. Chakula chenye jina twakisifu kwa sababu tumesikia kikisifiwa. Na chakula tusichokielewa twakisifu kwa kuogopa kuchekwa. Ulimi, ambao ndio shahidi aliyekuwapo, hauulizwi neno.

Nia yangu katika insha hii ni kuuita ulimi barazani utoe ushahidi wake. Kesi niliyoichagua ni ya mji wa Hong Kong, katika pwani ya kusini ya China, ambako niliwahi kukaa siku chache na kula katika meza mbili zilizoachana kama mbingu na ardhi. Sitawataja wenye meza hizo, kwa kuwa sikutumwa kuwaharibia biashara wala kuwatengenezea. Nitaeleza nilichokula, nilichokiona, na jambo moja la aibu nililolitenda mwenyewe. Maana mhakiki asiyejihakiki nafsi yake ni sawa na mizani iliyopinda.

Kwanza yafaa kuujua mji wenyewe. Hong Kong ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza tangu miaka ya 1840 hata mwaka 1997, iliporudishwa China. Watu wake wapita milioni saba, nao wanaishi katika visiwa na rasi ambavyo sehemu yake kubwa ni milima. Kwa kuwa ardhi ya kujengea ni chache, nyumba zimepanda juu kama mibuyu isiyo na matawi, na kodi za nyumba zimepanda pamoja nazo. Vyumba vya watu wengi ni vidogo mno hata haviwezi kuwapokea wageni. Kwa hiyo jamaa wakitaka kuonana, au mfanyabiashara akitaka kuzungumza na mwenziwe, hawaendi nyumbani, huenda mkahawani. Katika mji huo kula nje si anasa ya matajiri peke yao. Mkahawa ndio sebule ya mji.

Desturi mbili za kula nje zimekua pale ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ililetwa na watu wa Ulaya, nayo ilikaa katika hoteli kubwa. Hoteli iitwayo Peninsula ilifunguliwa mwaka 1928, na mwaka 1953 ukafunguliwa ndani yake mkahawa wa mapishi ya Kifaransa uitwao Gaddi's. Desturi ya pili ni ya wenyeji wa upande ule wa China, wasemao Kikantoni, nayo ni desturi ya nyumba za chai. Mojawapo ya zile zijulikanazo sana, Luk Yu, ilianzishwa mwaka 1933. Tangu hapo desturi hizo mbili zimeazimana mengi: hoteli kubwa nyingi sasa zina mikahawa ya Kichina yenye vitambaa vyeupe, na wapishi wa Kichina hawaoni ajabu kutumia siagi na maziwa. Hata hivyo mtu aingiapo mlangoni hujua mara moja yumo katika desturi ipi.

Meza yangu ya kwanza ilikuwa ya hoteli, katika ghorofa ya juu, mbele ya dirisha lililotazama bandari. Nilikuwa nimeweka akiba kwa ajili ya jioni ile, nami nilivaa koti langu jema. Mezani palikuwa na visu na uma kwa idadi ambayo ingetosha nyumba ya watu watatu, na bilauri nne za mtu mmoja. Chakula kililetwa kwa mafungu tisa, kila fungu dogo kama tonge, katika sahani pana kama ungo. Kila sahani ilipotua, mtumishi wa meza alisimama akatoa maelezo: samaki huyu alivuliwa wapi, uyoga huu ulichumwa msitu gani, mchuzi huu ulikaa jikoni siku ngapi. Alisema kwa adabu na kwa ufasaha, wala hakukosea neno.

Haki yamtaka mhakiki aanze na mema. Fungu la nne lilikuwa kipande cha samaki aliyepikwa kwa mvuke, ngozi yake imekaangwa peke yake mpaka ikavunjika mdomoni kama kaki, na chini yake mchuzi mwepesi wa tangawizi. Sijapata kula samaki kama yule. Nyama yake iliachana kwa majani laini, wala haikuwa mbichi wala haikuwa kavu. Aliyeipika alijua dakika yake, na alijua kwamba dakika iliyofuata ingeharibu kazi yote. Kadhalika utulivu wa chumba ulikuwa wema kwa mtu aliyechoka, na taa za meli katika bandari zilikuwa kama nyota zilizoshuka kunywa maji. Mtu asemaye kwamba meza za bei kubwa hazina kitu ila majivuno, asema neno asilolijua.

Lakini fungu la sita lilikuwa povu. Lilikuwa povu la uyoga, jeupe, limekaa katika kikombe cha kioo, na juu yake vipande vidogo vya dhahabu ya kuliwa. Nililiweka ulimini likatoweka kabla sijalionja. Nilijaribu tena, likatoweka tena. Dhahabu haina ladha, nalo povu halikuwa na ladha ila chumvi. Fungu la saba lilikuwa nyama ya njiwa iliyopoa kwa kungoja maelezo yaishe. Yule mtumishi wa meza aliporudi akaniuliza kama nimefurahi, nilimjibu, "Bora kabisa." Alipoondoa povu nilisema bora kabisa; alipoondoa njiwa nilisema bora kabisa; na mwisho, mpishi mwenyewe alipopita mezani kuwaamkia wageni, nilisema hivyo mara ya tatu.

Hiyo ndiyo aibu niliyoahidi kuieleza. Nilisema uongo mara tatu katika saa mbili, wala hapana aliyenilazimisha. Hakuna aliyenitisha, na bila shaka yule mpishi angeweza kustahimili kusikia kwamba njiwa alikuwa amepoa, pengine angeshukuru. Kilichonifunga kinywa ni ukumbi wenyewe: ile bei, yale maelezo, ule wingi wa visu, na hofu ya kuonekana mshamba mbele ya watu nisiowajua na ambao sitawaona tena. Nilipoletewa hesabu ilikuwa dola 2,300 za Hong Kong, na juu yake sehemu ya kumi ya ujira wa utumishi. Jumla dola 2,530, yaani zaidi ya shilingi 40,000 za Kenya. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka. Njiani niliona kwamba nilikuwa nimelipa fedha nyingi ninyimwe haki ambayo mlaji wa kibandani huipata bure, nayo ni haki ya kusema kweli juu ya chakula chake.

Asubuhi ya pili nilikwenda katika nyumba ya chai. Wenyeji hawasemi kwamba wanakwenda kula. Husema wanakwenda yum cha, maana yake kunywa chai. Neno hilo halipaswi kututia ugeni. Chai yetu sisi na cha yao ni neno moja, lililosafiri kutoka China likapita kwa Waajemi hata likatufikia. Vyakula viandamanavyo na chai hiyo huitwa dim sum, na maneno hayo, yakifasiriwa moja moja, yana maana ya kugusa moyo. Ni vyakula vidogo vidogo, viletwavyo vitatu au vinne katika kikapu cha mianzi kilichopikiwa juu ya mvuke: maandazi meupe yenye nyama ya nguruwe iliyobanikwa, karatasi laini za unga wa mchele zilizokunjwa, wali wa kunata uliofungwa katika jani la yungiyungi, na miguu ya kuku ambayo wao huipa jina la heshima la makucha ya feniksi.

Nyumba ile ilikuwa na kelele kama soko la samaki. Hapakuwa na meza tupu. Nikaelekezwa kwenye kiti kilichobaki katika meza ya duara, pamoja na mzee mmoja na mkewe, watu nisiowajua. Kukaa meza moja na wageni ni desturi yao, wala hapana aombaye radhi. Mzee alikuwa na maneno machache ya Kiingereza. Aliponiona nimekaa kama mtu aliyepotea, alichukua kikombe changu na vijiti vyangu vya kulia akavisuuza kwa chai ya moto ndani ya bakuli, kisha akanimiminia chai. Halafu akagonga meza kwa vidole viwili, akanitazama, akagonga tena. Nilielewa: ndivyo mtu ashukuruvyo amiminiwapo chai, ili asikatize mazungumzo. Pana hadithi kwamba desturi hiyo ilitokana na mfalme mmoja wa China aliyesafiri kwa kujificha, akamimina chai mwenyewe, na mtumishi wake asiyeweza kumsujudia mbele ya watu akasujudu kwa vidole. Kwamba ni kweli au si kweli, adabu yenyewe ni nzuri. Nami niligonga meza.

Wanawake walipita wakisukuma vigari vilivyopangwa vikapu, wakiita majina ya vilivyomo. Sisi husema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ingewashangaza watu wa nyumba ile, maana kwao chema na kibaya vyatembezwa pamoja katika kigari kimoja, na mlaji ndiye atambuaye. Nilichukua kikapu cha har gow, ambacho ndicho kipimo cha mpishi wa dim sum, kama vile chapati ilivyo kipimo cha mpishi kwetu. Ni vifuko vya kamba wa baharini. Ngozi yake hufanywa kwa wanga wa ngano uliochanganywa na wanga mwingine, aghalabu wa muhogo, ukamwagiwa maji yachemkayo, ukakandwa ungali moto. Mpishi hukata donge dogo, akaligandamiza kwa ubapa wa kisu kilichopakwa mafuta mpaka liwe duara jembamba, akatia kamba ndani, kisha akalifunga kwa mikunjo isiyopungua saba. Mabingwa hufikisha kumi na zaidi. Halafu hupikwa kwa mvuke kwa dakika chache.

Har gow njema ina alama zake. Ngozi iwe nyembamba hata uone wekundu wa kamba ndani yake, lakini isipasuke ukiinua kwa vijiti. Isigande kikapuni, wala isigande menoni. Kamba awe mzima, akatike kwa meno kwa sauti, na utamu wake uwe wa bahari, si wa sukari. Ukiyajua hayo, huhitaji kuambiwa na mtu kama umekula vizuri. Usione vyaelea, vimeundwa. Na kifuko hiki, ambacho mlaji hukimaliza kwa matonge mawili, kina nyuma yake mikono iliyojifunza kwa miaka na watu waamkao kabla ya jua.

Sasa nisikilize kwa makini, msomaji, kwa sababu hapa ndipo mahali pa kiini cha kesi yetu. Mke wa yule mzee alichukua kikapu kutoka katika kigari hicho hicho, akauma har gow moja, akaacha kutafuna. Akamwita mwenye kigari kwa sauti ambayo meza tatu ziliisikia. Mzee alinifasiria: ngozi imekuwa ngumu, kikapu kimezunguka mno. Mwenye kigari akabisha neno, bibi akamjibu neno, wote wawili wakacheka. Kikapu kikaondolewa, na baada ya kitambo kikaja kingine kinachofuka moshi. Hapana aliyeaibika. Hapana aliyetoa maelezo ya msitu wala ya bahari. Ulimi ulitoa ushahidi, jiko likasikia, na kosa likasahihishwa kabla chai haijapoa.

Nami nikaonja har gow zangu upya, kwa uhuru niliouazima kwa bibi yule, nikaona kwamba zangu pia zilikuwa zimeanza kupoa. Nyumba ile ilikuwa na makosa mengine, wala sitayaficha kwa kuwa niliipenda. Vifuko vya nyama viitwavyo siu mai vilikuwa na mafuta mengi kuliko nyama. Chai ilikaa mno katika buli ikawa chungu. Bei ya chai ilitiwa katika hesabu kwa kila kichwa, bila ya kuulizwa. Kelele haikumruhusu mtu kufikiri, na watu waliongojea viti walisimama nyuma ya migongo yetu wakituhesabia matonge. Mtu mgonjwa, au mtu mwenye huzuni atakaye kimya, asiende pale. Lakini maandazi ya nguruwe yalikuwa mepesi na yamepasuka juu kama ua, na miguu ya kuku ilikuwa imekaangwa, ikalowekwa, ikapikwa tena kwa mvuke na maharage meusi hata mifupa ikajitoa yenyewe. Kwa vikapu vinne na chai nililipa dola 138, kama shilingi 2,300 za Kenya. Hesabu ya jana ilikuwa zaidi ya mara kumi na nane ya hiyo.

Je, chakula cha hoteli kilikuwa chema mara kumi na nane kuliko cha nyumba ya chai? Ulimi wangu wakana. Samaki wa fungu la nne alikipita kila nilichokula asubuhi ile, lakini alikipita kwa hatua moja au mbili, si kwa kumi na nane. Basi zile fedha nyingine zilinunua nini? Zilinunua nafasi katika mji usio na nafasi. Zilinunua kimya, dirisha, kitambaa cheupe, vyakula vilivyoletwa kwa ndege, na watumishi wengi kwa wageni wachache. Hivyo vyote vina gharama ya kweli, na mwenye kuvitaka havinunui kwa wizi. Kosa huingia pale tunapodhani kwamba bei ya dirisha ni bei ya ladha.

Kama wahitaji ushahidi mwingine usiokuwa wangu, upo, nao wajulikana na wengi. Mpishi aitwaye Mak Kwai-pui alikuwa akitengeneza dim sum katika mkahawa wa Lung King Heen, ulio ndani ya hoteli kubwa ya Hong Kong. Mkahawa huo ulipewa nyota tatu, daraja ya juu kabisa, katika kitabu cha kwanza cha Michelin cha Hong Kong na Macau, cha mwaka 2009. Nao ulikuwa wa kwanza miongoni mwa mikahawa ya mapishi ya Kichina kufikia daraja hiyo. Mwaka huo huo wa 2009 Bwana Mak alifungua duka dogo liitwalo Tim Ho Wan katika mtaa wa Mong Kok, lenye viti vichache na bei ya watu wa kawaida. Kitabu kilichofuata, cha mwaka 2010, kililipa duka hilo nyota moja. Watu wakapanga mstari barabarani kwa saa nzima na zaidi. Mkono ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kitambaa, dirisha na bei.

Kitabu hicho nacho chastahili kuhukumiwa. Kilianzishwa Ufaransa mwaka 1900 na watengenezaji wa mipira ya magari, ili kuwasaidia wenye magari njiani. Nyota zilianza kutolewa mwaka 1926. Wakaguzi wake hula bila ya kujitambulisha na hulipa hesabu zao, na hilo ni jambo la haki, maana mkaguzi ajulikanaye huletewa samaki asiyeletewa mwingine. Kwa kulipa nyota duka la Mong Kok, kitabu kilionyesha kwamba chaweza kutazama sahani kikaacha kutazama kitambaa. Lakini nyota ikishatundikwa mlangoni, hugeuka kazi yake. Ilikuwa hukumu ya watu wachache waliokula. Sasa yawa amri kwa maelfu ambao hawajala. Aliyesimama mstarini kwa saa mbili hawezi kwa wepesi kukiri kwamba andazi lilikuwa la kawaida, kama vile mimi nilivyoshindwa kukiri kwamba povu halikuwa na ladha. Bei yaweza kumfunga mtu kinywa, na sifa nayo yaweza. Wala sifa haichagui duka kubwa au dogo.

Katika bandari ya Aberdeen, upande wa kusini wa kisiwa cha Hong Kong, palikuwa na mkahawa ulioelea juu ya maji, ulioitwa Jumbo. Ulifunguliwa mwaka 1976, umejengwa mfano wa jumba la mfalme, kwa rangi nyekundu na dhahabu na taa zisizohesabika. Wakubwa wa nchi mbalimbali walipelekwa kuuona, na picha zake zilizunguka dunia. Hata hivyo wenyewe walisema kwamba ulikuwa hauleti faida tangu mwaka 2013. Ulifungwa Machi 2020 wakati wa maradhi ya korona, na Juni 2022 ulivutwa kutoka bandarini, ukapinduka katika Bahari ya China Kusini. Watu wengi waliusikitikia. Lakini katika masikitiko yao walitaja taa, rangi na picha za arusi. Waliotaja chakula walikuwa wachache. Maradhi na gharama ndizo zilizoufunga, wala sisemi vinginevyo. Ila nyumba ya chakula ambayo watu huikumbuka kwa kila kitu isipokuwa chakula, ilikwisha kupoteza shahidi wake zamani.

Kwa upande mwingine, tusidhani kwamba unyonge ni wema. Pana wahakiki ambao, kwa kuchukia majivuno ya matajiri, husifu kila kibanda chenye moshi na kila benchi bovu. Hao nao hawajala. Wametazama benchi tu. Vigari vya dim sum vimepungua sana Hong Kong. Nyumba nyingi siku hizi humpa mlaji karatasi atie alama, na chakula hupikwa baada ya kuagizwa. Wapenda mambo ya kale hulia juu ya vigari, lakini har gow iliyopikwa sasa hivi ni bora kuliko iliyozungushwa nusu saa, na ulimi hauna budi kusema hivyo. Hatari ya kweli iko mahali pengine. Kazi ya kukunja vifuko ni ngumu, huanza alfajiri, na vijana waitakayo ni wachache. Kwa hiyo pana nyumba zinunuazo vifuko vilivyotengenezwa viwandani na kugandishwa, kisha zikavipasha moto kwa mvuke. Kikapu ni kile kile cha mianzi. Moshi ni ule ule. Asiyejua mikunjo hawezi kutambua; na siku wote watakaposhindwa kutambua, hapatakuwa na sababu ya mtu yeyote kuamka alfajiri.

Hapo ndipo tuonapo kwamba mlaji si mpokeaji tu. Yule bibi aliyerudisha kikapu hakuwa mkorofi. Alikuwa mlinzi wa ufundi. Kwa kusema kwamba ngozi ni ngumu, aliliambia jiko kwamba yupo mtu ajuaye ngozi laini ilivyo, na ya kwamba kazi yao haipotei bure. Mimi niliyesifu kila kitu katika hoteli, pamoja na adabu yangu yote, sikumpa mpishi chochote. Nilimwacha na njiwa wake wa baridi, akiamini kwamba ni moto. Na baya zaidi, sifa yangu kwa povu iliiharibu sifa yangu kwa samaki, kwa kuwa niliwapa maneno yale yale. Mtu asifuye vyote hajasifu kitu.

Basi wewe mwanafunzi usomaye insha hii, huenda hutakwenda Hong Kong, na huenda utakwenda. Hilo si kitu. Utakaa katika hoteli za Nairobi na Mombasa, na katika vibanda vya barabarani ambako mama mmoja huuza chapati na maharage. Utasoma vitabu vya waandishi wenye jina na vya wasio na jina. Utasikiliza hotuba za wakubwa. Kila mahali pata kwanza kujua kazi yenyewe ilivyo, kama mlaji ajuavyo mikunjo. Kisha onja wewe mwenyewe. Kisha sema uliloonja, kwa upole, kwa aliyepika, wakati ambapo bado aweza kurekebisha. Usikubali bei ikusemee, wala sifa, wala haya.

Nami kama nikijaliwa kuketi tena katika meza ile ya dirishani, nitavaa koti langu kama kwanza, na nitamla yule samaki kwa furaha. Mtumishi wa meza akiniuliza, nitamwambia ampelekee mpishi maneno haya: samaki sijapata kuona mfano wake, njiwa amepoa, na povu, kwa heshima zote, sikuionja ladha yake.